MAMA MWILU MARIE, MKE WA MFUNGWA



Kila tarehe 27 Aprili tunamkumbuka Mama Mwilu Marie, mke wa Papa Simon Kimbangu, aliyelala katika Bwana mwaka 1959. Wamama wanavaa nyeupe na kijani, korali zinaimba, watu wanasema maneno mazuri, halafu kila mmoja anarudi kwake. Lakini kesho yake tukiwauliza vijana wetu Mama alifanya nini, wengi wanajibu kwamba alikuwa mke wa Nabii na alizaa wana watatu. Jibu hilo si la uongo, ila ni fupi mno. Papa Simon Kimbangu alifanya kazi yake mbele ya watu muda wa miezi mitano na siku chache tu za mwaka 1921. Mama yeye aliifanya kazi yake muda wa miaka 38, wala si mbele ya watu. Ndiyo sababu tumependa kusimulia maisha yake kidogo katika kurasa hizi.

Wote wawili walitoka katika nchi ya Kongo ya chini, kule tunakoita leo Kongo-Central. Papa Simon alizaliwa Nkamba tarehe 12 Septemba 1887, kama Kanisa letu linavyofundisha. Lwezi, mama yake mzazi, alikufa mapema, na mtoto akalelewa na Mama Kinzembo wa jamaa yake. Wazee wanasimulia kwamba huyo Kinzembo alimwokoa mmisionari mmoja mzungu aliyekuwa akifukuzwa na watu wenye hasira, na mmisionari akambariki mtoto aliyekuwa nyumbani mwake. Tunalitaja jambo hili kwa sababu moja: hadithi ya Kanisa letu inaanzia ndani ya nyumba ya mwanamke asiyekuwa na cheo, aliyefungua mlango wakati wengine walikuwa wameshika fimbo.

Tarehe 4 Julai 1915 Simon Kimbangu na Mwilu Marie walibatizwa Ngombe-Lutete, kwenye misioni ya Wabatisti kutoka Uingereza. Tuangalie vizuri: walibatizwa wote wawili, siku moja. Mume hakumtangulia mke kwa miaka kumi, wala mke hakubaki nyumbani na hirizi za wazazi wakati mume anakwenda kanisani na Biblia chini ya kwapa. Mtoto wao wa kwanza, Kisolokele Charles, alikuwa amezaliwa tarehe 12 Februari 1914. Baadaye akaja Dialungana Salomon, tarehe 25 Mei 1916, na wa mwisho Diangienda Joseph, tarehe 22 Machi 1918. Papa Simon alikuwa mwalimu wa dini, na kama walimu wote wa wakati ule, jembe ndilo lilimlisha kuliko katekisimu.

Mwaka ule ule wa 1918, ugonjwa mkubwa wa mafua ulipokuwa unaua watu ulimwenguni kote, hata huku Kongo, Papa Simon alianza kusikia sauti ya Bwana ikimwita kuchunga kundi lake. Hakukubali mara moja. Alisema moyoni kwamba wako wamisionari na wako wakristo wenye elimu, kazi hiyo ni yao. Hata akaikimbia sauti, akaenda Kinshasa kutafuta kazi, na wazee wanasema huko alifanya kazi kwa kampuni la mafuta ya mawese bila kuona mshahara wake. Akarudi Nkamba mikono mitupu.

Hapa tusimame kidogo, hasa sisi wababa. Mume anasikia sauti usiku. Anaondoka, anarudi bila franka. Watoto ni watatu, na wa mwisho bado mdogo sana. Ni wanawake wangapi wangalikwenda kwa mganga kuuliza nani amemroga mume wao? Mama Mwilu hatumsikii popote katika habari za Kanisa akifanya hivyo. Alikaa na ubatizo wake.

Tarehe 6 Aprili 1921, huko Ngombe-Kinsuka, Papa Simon alimwekea mikono mwanamke mgonjwa aitwaye Nkiantondo, akaomba kwa jina la Yesu Kristo, na yule mwanamke akapona. Siku hiyo tunaisherehekea sisi sote, na tangu mwaka 2023 hata serikali ya nchi yetu imeifanya sikukuu ya taifa. Yaliyofuata yanajulikana. Watu waliacha kazi, waliacha hospitali, walijaza treni ya Matadi, walivuka mpaka kutoka Angola na kutoka Kongo ya Wafaransa. Walibeba wagonjwa kwenye machela. Walitupa sanamu na dawa za kichawi njiani, ngoma za uchafu zikanyamaza, wanaume wenye wake wengi wakaambiwa waishi na mmoja.

Lakini Nkamba kilikuwa kijiji kidogo juu ya kilima. Maelfu ya watu wakikipandia kijiji kama hicho, wanakula nini? Wanalala wapi? Wanakunywa maji ya nani? Vitabu vilivyoandikwa juu ya mwaka 1921 vinatueleza mahubiri, vinatueleza maponyo, vinatueleza hasira ya serikali. Havihesabu vyungu vya maji vilivyopanda kilima kile juu ya vichwa vya wamama. Mwenye nyumba ile alikuwa Mama Mwilu. Hatuhitaji maono ili kujua kwamba wageni wa mume ni mzigo wa mke kwanza. Kila mama wa mchungaji anayesoma haya anatuelewa bila kuelezwa zaidi.

Serikali ya Wabeleji, ile watu walioiita Bula Matari, iliingiwa na woga. Msimamizi wa Thysville, bwana Léon Morel, alikuja Nkamba tarehe 11 Mei, akaona watu wanaoimba na kusali. Tarehe 6 Juni akarudi na askari ili kumkamata Nabii. Papa Simon aliponyoka mikononi mwao, na kijiji kikatekwa. Muda wa miezi mitatu alijificha akiendelea kuhubiri. Kisha, bila kushikwa na mtu, alirudi Nkamba mwenyewe na kujitoa mikononi mwao tarehe 12 Septemba 1921. Aliwakataza waamini kupigana, na hakuna aliyeinua hata panga.

Tarehe 3 Oktoba 1921, baraza la kijeshi huko Thysville, mji tunaouita leo Mbanza-Ngungu, lilimhukumu viboko 120 na kifo. Hakuwa na wakili wa kumtetea. Mnamo mwezi wa Novemba mfalme Albert wa kwanza aliibadilisha hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na Papa Simon akapelekwa mbali na watu wake, Élisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu ya leo. Kutoka Nkamba mpaka hapa, hata ndege akiruka moja kwa moja, ni zaidi ya kilomita 1.500. Wabeleji walichagua kwa akili zao: nchi nyingine, luga nyingine, watu wasiomjua. Hawakufikiri kwamba siku moja watu wa nchi hiyo nyingine wataandika jina lake katika Kiswahili, kama tunavyofanya.

Basi Mama akabaki. Hakuwa mjane, maana mume alikuwa hai. Hakuwa mke kama wake wengine, maana mume hatarudi. Kisolokele, mtoto wa miaka 7, serikali ilimchukua na kumtia katika shule yake ya Boma, chini ya mikono ya mapadri. Baadaye Diangienda naye akapelekwa huko huko. Nia ilikuwa wazi: wana wa Nabii walelewe mbali na imani ya baba yao, wasahau. Dialungana ndiye aliyebaki karibu na mama. Mume yuko gerezani, watoto wawili wako mikononi mwa wale wale waliomfunga mume, na nyumba inaangaliwa na wapelelezi. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha ya Mama Mwilu akiwa bado mwenye nguvu, na hakujua yangedumu siku ngapi.

Sasa kazi yenyewe. Waamini walikatazwa kukutana. Aliyeonekana akisali kwa namna ya Nkamba alikamatwa. Wakuu wa familia walihamishwa pamoja na wake na watoto wao, wakapelekwa makambi ya mbali: Lowa, kando ya mto Lualaba, Ekafera katika misitu ya Equateur, Kasaji hapa Katanga, na mahali pengine pengi. Kanisa letu linahesabu familia 37.000 zilizohamishwa katika miaka hiyo yote. Ndiyo sababu hekalu la Nkamba, lililofunguliwa tarehe 6 Aprili 1981, lilijengwa lenye nafasi za watu 37.000, na mawe yake yalibebwa kwa mikono na vichwa vya waamini. Mbegu ilitupwa mbali ili ife, kumbe ikaota katika udongo usiokuwa wake. Sisi wa luga ya Kiswahili tulipata habari njema hiyo kutoka kwa watu waliofungwa, wala si kwa wamisionari waliotumwa kwetu.

Na kule Kongo ya chini, waliobaki walikwenda kwa nani? Walikwenda kwa Mama. Walikwenda kwa siri, wachache wachache, wengi usiku. Mchana walikaa kwenye benchi za wakatoliki au za waprotestanti, kwani kila mtu alipaswa kuwa na dini inayojulikana. Usiku walitafuta nyumba, au msitu, au kando ya mto, wakasali. Mama alikuwa katikati ya mtandao huo. Aliwapokea, aliwashauri, aliwaombea, akawaagiza kusubiri. Hakuwa na kiti cha askofu. Hakuwa na mhuri wala karatasi yenye kichwa. Kama asubuhi askari angefika, angemkuta mwanamke wa kijiji ambaye mume wake amefungwa.

Wandugu, tusifikiri kusubiri ni jambo jepesi. Katika miaka hiyo walitokea manabii wengi waliolitumia jina la Simon Kimbangu. Wengine walihubiri kwamba silaha zinakuja. Wengine walirudisha kwa mlango wa nyuma mambo ambayo Papa Simon aliyatupa. Mwaka 1934 Jeshi la Wokovu liliingia Léopoldville, na watu wengi wakalikimbilia, wakiiona ile herufi S kwenye kola ya mavazi yao wakadhani ni S ya Simon, kwamba Nabii amerudi katika ngozi nyeupe. Mwaka 1939 Simon-Pierre Mpadi akaanzisha kikundi chake, ambacho wafuasi wake walivaa kaki. Hatuandiki haya ili kuwacheka. Watu walikuwa na njaa ya kumwona Bwana akitenda, na mwenye njaa hachagui chakula sana. Lakini fikirini ingekuwaje kama mke wa Nabii mwenyewe angelichoka na kufuata mmojawapo. Kundi lote lingetawanyika kwa siku moja.

Tunapenda tuseme wazi kile tunachofikiri sisi wa jarida hili. Katika parokia zetu kuna mazoea ya kupima imani kwa mambo makubwa: nani ameota ndoto, nani ametoa fedha nyingi siku ya nsinsani, nani amekwenda Nkamba mara ngapi na kurudi na madumu ya maji. Hayo yote yana nafasi yake. Hata hivyo yuko mkristo anayevaa kijani siku ya Jumapili, anavua viatu mahali patakatifu kama inavyopaswa, na siku ya Jumanne jioni anapita uchochoroni kwenda kwa mganga kwa ajili ya biashara yake. Yuko mwingine asiyekunywa pombe mbele ya shemasi. Sheria zetu anazijua zote kwa kichwa: asinywe, asivute, asicheze ngoma, asipige, asioe wawili. Anazishika pale penye macho ya watu. Mama Mwilu alizishika muda wa miaka 38 pale ambapo kuzishika kulikuwa hatari na hakuna aliyempigia makofi. Upendo, amri na kazi, maneno matatu tunayoyarudia, kwake yalikuwa mlango wa kumfungulia mgeni usiku, na jembe la asubuhi yake.

Tena kuna wamama kati yetu ambao mume amekwenda kwenye machimbo, Kolwezi au mbali zaidi, na miezi inapita bila habari. Kuna ambaye mume yuko bolokoni, na majirani wameacha kumsalimu. Kuna ambaye mume alichukuliwa na vita kule mashariki, na hajui aomboleze au angoje. Kwa wamama hao maneno yetu ya pole huwa mepesi, tunajua. Mama Mwilu si mgeni katika hali hiyo. Anaijua kuliko wachungaji wengi.

Jambo moja linatushangaza zaidi ya yote, na ni juu ya wana. Kisolokele na Diangienda walilelewa na watu wa serikali, wakasoma vizuri, Diangienda akawa karani katika ofisi za wakoloni. Alikula mkate wa wale waliomfunga baba yake. Watoto wa namna hiyo hugeuka kuwa mojawapo ya mambo mawili: ama wanawaonea haya wazazi wao, ama wanajaa chuki ya kulipiza. Wana wa Mama Mwilu hawakugeuka hivyo. Miaka ya 1950 ilipofika, walikuwa wamesimama wote watatu pamoja na mama yao, wakaanza kulikusanya Kanisa, na Diangienda akawekwa kuwa kiongozi wa kiroho, ingawa alikuwa mdogo kuliko ndugu zake. Hakuna aliyeishika silaha. Mama hakuwa nao nyumbani kila siku kuwafundisha. Kuna kitu walichokiona kwake siku chache walizokuwa naye, au walichokisikia kutoka mbali, ambacho miaka ya Boma haikuweza kukifuta. Wazazi wanaosema kwamba shule na barabara zimewaharibia watoto wao watusaidie kulifikiri jambo hili.

Tarehe 12 Oktoba 1951, hapa Élisabethville, Papa Simon Kimbangu alifariki baada ya miaka 30 ya kifungo. Wakati huo Mama akawa mjane kweli. Angeweza kusema kwamba sasa yamekwisha: aliyengojwa hatarudi. Watu wengi wa nje walifikiri hivyo, na serikali nayo bila shaka ilipumua. Lakini waamini hawakupungua. Walizidi. Mateso nayo yakaendelea, mpaka mwaka 1957 waamini wapatao 600 walipoweka majina yao kwenye barua kwa gavana mkuu Pétillon. Waliomba jambo moja kati ya mawili: ama awaache wasali kwa uhuru, ama awakusanye wote katika uwanja wa mpira wa mfalme Baudouin na kuwaua hapo mara moja. Barua hiyo haikutishia mtu yeyote isipokuwa wao wenyewe walioiandika. Serikali haikujua la kufanya na watu wa namna hiyo. Tangu hapo mkono wake ulianza kulegea.

Wengi husoma habari ya barua ile na kusifu ushujaa wa wanaume walioitia sahihi, na wanastahili. Sisi tunaongeza swali: walijifunza wapi kusema hivyo, bila matusi na bila woga? Walikuwa watu wazima wa mwaka 1957, maana yake wengi wao walikuwa watoto au vijana mwaka 1921. Walikua katika Kanisa la usiku, na Kanisa la usiku lilikuwa na mama mmoja.

Mama Mwilu Marie alifariki tarehe 27 Aprili 1959. Miezi minane baadaye, tarehe 24 Desemba 1959, serikali ya kikoloni ililitambua Kanisa letu kwa sheria. Hakuiona karatasi hiyo. Hakuuona uhuru wa nchi wa tarehe 30 Juni 1960. Hakuona Kanisa letu likipokewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni mwaka 1969, wala hakuwaona wanawake wakiwekewa mikono kuwa wachungaji katika Kanisa hili, jambo ambalo Makanisa makubwa mengi bado yanalibishania. Kwetu sisi swali hilo halikuwa gumu sana. Ni vigumu kumkataza mwanamke mimbari katika Kanisa ambalo mwanamke alilitunza muda wa miaka 38.

Mwanzoni mwa mwaka 1960 kaburi la Papa Simon lilifunguliwa hapa mjini kwetu. Mwili wake ulisafirishwa kurudi kwao, ukafika Nkamba tarehe 3 Aprili, umati wa watu ukiungoja juu ya kilima kile kile. Alikuwa ameondoka akiwa amefungwa, mwaka 1921, na mke wake akabaki. Sasa alikuwa amerudi, na mke wake alikuwa amemtangulia kwa miezi 11.